Sentimita 15: Nilivyowaonyesha Wanafunzi Kasoro ya Kifaa cha Kuzamia cha 1943

Nafundisha fizikia katika shule ya sekondari mjini Tanga, na kila tunapofika kwenye kanieneo ya maji, wanafunzi wangu, ambao wengi ni watoto wa wavuvi, huuliza mzamiaji hupataje hewa kwa kiasi anachokihitaji bila kuzidiwa wala kupungukiwa. Safari hii niliamua kuwajibu kwa kisa cha Wafaransa wawili, mhandisi Émile Gagnan na afisa wa jeshi la majini Jacques Cousteau, waliounda kifaa cha kuzamia kinachompa mzamiaji hewa kadiri anavyovuta pumzi.

Hawakuwa wa kwanza. Mwaka 1860 mhandisi wa migodi, Benoît Rouquayrol, alikwisha kubuni kidhibiti cha hewa chenye kiwambo, yaani utando unaonyumbulika, kilichofunguliwa na mvuto wa pumzi yenyewe, ilhali mtungi wa Mfaransa mwingine, Yves Le Prieur, wa miaka ya 1920 ulimlazimu mzamiaji kufungulia hewa kwa mkono. Gagnan alirekebisha vali aliyokuwa ameibuni kwa magari yaliyotumia gesi baada ya petroli kuadimika wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na Januari 1943 Cousteau akaijaribu katika mto Marne, Ufaransa. Alipolala kifudifudi alipumua vizuri. Aliposimama wima hewa ilimwagika ovyo. Alipogeuza kichwa chini ikawa ngumu kuvutika. Chanzo kilikuwa kwamba tundu la kutolea pumzi lilikuwa mbali na kiwambo kwa takriban sentimita 15, hivyo kanieneo ya maji kwenye sehemu hizo mbili ilitofautiana kila moja ilipokuwa juu ya nyingine.

Wanafunzi walikataa kuamini, na kwa kweli sikuwalaumu, kwa sababu sentimita 15 za maji hazifikishi hata asilimia 2 ya kanieneo ya angahewa.

Nililikata kichwa dumu angavu la maji ya kunywa la lita 20, nikalijaza maji, kisha nikafunga puto kwenye mpira mwembamba wa plastiki ili puto liwe chumba cha hewa chenye kiwambo na ncha ya mpira iwe tundu la pumzi. Jaribio la kwanza liliniaibisha: mapovu yalitoka kila nilipoiweka ncha, juu au chini, kwa kuwa puto lililovimba husukuma hewa lenyewe. Usiku huo nilibadilisha puto nikaweka glavu ya hospitali iliyojazwa nusu tu, ikiwa imelegea kabisa, nikavifunga vidole vyake pamoja na kuizamisha kwa chubwi za mshipi.

Kesho yake, ncha ilipokuwa sentimita 15 juu ya glavu, mapovu yalitoka mfululizo hadi glavu ikasinyaa. Nilipoijaza tena na kuishusha ncha chini ya glavu, hakuna kilichotoka mpaka niibane kwa nguvu. Hatimaye nilivifunga pamoja kwa uzi, ncha ikiwa ubavuni mwa glavu, kama Gagnan na Cousteau walivyolisogeza tundu karibu na kiwambo, nikampa binti mmoja avigeuze apendavyo ndani ya maji. Alivilaza, akavisimamisha, akavipindua. Povu lilitoka pale tu alipoiminya glavu kidogo kwa vidole viwili.