Raba za breki na ringi ya mbele

Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu. Barabara ya kutoka Sahare ilikuwa inang'aa maji, na mwanangu wa miaka 6 alikuwa nyuma kwenye karia na begi lake la shule. Bajaji iliyokuwa mbele yetu ikasimama ghafla kupakia abiria. Nikabana breki zote mbili, baiskeli ikaendelea kwenda. Tairi hazikuserereka, tulikwenda tu, kana kwamba sijashika kitu. Nikashusha mguu, soli ikakwaruza lami, tukasimama tairi ya mbele ikiwa imeshagusa bampa.

"Mama, mbona hukufunga breki?"

Nilikuwa nimefunga. Na raba zilikuwa mpya, hazijatimiza wiki mbili.

Mimi ni fundi wa kushona, na kibaraza changu kiko Ngamiani, kwenye mojawapo ya zile barabara za namba. Naenda na kurudi kwa baiskeli kila siku, kama wanawake wengi wa hapa Tanga. Mji wetu ni tambarare, na ndiyo maana breki mbovu huweza kukaa miezi bila mtu kuishtukia. Kwenye jua zinashika vya kutosha. Masika ndiyo hufichua.

Jioni ile nilirudi dukani. Muuzaji akanipa raba nyingine: "Chukua hizi ngumu, dada, mwaka mzima hutazigusa." Nikatoa shilingi 3,000, kijana wa jirani akanifungia na kukaza waya mpaka vishikio vikawa vigumu. Siku mbili baadaye mvua ikanyesha tena, na hali ikawa mbaya zaidi. Hapo nikaingiwa na hofu ya kweli. Nilianza kumpeleka mwanangu shule kwa miguu.

Jumapili nikaipindua baiskeli uani kuiosha. Kitambaa nilichofutia ringi ya nyuma kilitoka na weusi mwingi, na ringi yenyewe ilikuwa na rangi ya kijivu iliyofifia. Ya mbele ilikuwa inang'aa kama kioo, na kwenye matundu ya spoku kulikuwa na vidoa vya kutu. Nilichukua sumaku ya spika ya redio mbovu, ile ninayookotea pini sakafuni, nikaisogeza. Nyuma ilidondoka. Mbele ilinasa.

Nikakumbuka. Mwaka jana niliingia shimoni, ringi ya mbele ikapinda, na fundi akanifungia nyingine iliyotumika, ya bei rahisi. Baiskeli yangu ni ya mtumba, ya gia, iliyotengenezwa na ringi za alumini mbele na nyuma. Niliyofungiwa ni ya chuma iliyopakwa kromu. Sikuuliza, wala yeye hakuniambia.

Kesho yake nilimpelekea mzee mmoja anayetengeneza baiskeli chini ya mwarobaini, karibu na kibaraza changu. Nilimwamkia, nikamweleza habari yote. Alipitisha kidole kwenye ringi, akasema, "Mwanangu, hii ni ya baiskeli za zamani. Sisi tulipokuwa tukiendesha mvuani, tulianza kubana mbali, kabla hujafika. Ukingoja ufike, umeshapita."

Maelezo yake ndiyo yaliyonifungua macho. Uso wa alumini, hata ukiwa na maji, una ukali kidogo ambao raba inaushika. Kromu ni laini mno, maji yanabaki katikati ya raba na ringi. Na breki ya mbele ndiyo yenye kazi kubwa, kwa sababu ukifunga breki uzito mwingi unaegemea mbele. Kwa hiyo mimi nilikuwa nimeidhoofisha ile niliyoitegemea zaidi, kisha nikaiongezea raba ngumu. Ngumu hudumu, ni kweli, lakini kwenye kromu yenye maji hudumu kwa sababu haishiki.

Ulaya waliwahi kutengeneza raba zenye kipande cha ngozi kwa ajili ya ringi za namna hii. Nilizunguka maduka ya Ngamiani, sikuzipata. Ikabaki kutafuta raba laini. Nilikwenda na ile kuukuu mkononi, nikabonyeza kila niliyopewa kwa ukucha. Iliyo laini inabaki na alama kidogo. Iliyokaa miaka mingi juani kwenye kioo cha duka huwa na uso unaong'aa, na ukucha unateleza. Hiyo hata ikiwa kwenye pakiti yake nairudisha. Muuzaji mmoja alikasirika. Nilimwambia naendesha na mtoto, akaniachia.

Kuna jambo la pili la kuangalia, nalo ni msumari wa raba, yaani kile kichuma kinachoishikilia kwenye mkono wa breki. Baiskeli yangu ina mikono miwili mirefu inayobana ringi kutoka pembeni, na raba zake ni ndefu, kama milimita 70, zenye msumari wa nyuzi na washa za mviringo zinazokaliana kama kibakuli na kifuniko. Zipo za msumari usio na nyuzi, na zipo fupi za breki za aina nyingine. Usikubali kuambiwa "zote sawa tu." Zangu zilikuwa na mshale wa kuonyesha tairi inakozungukia, mzee alinisisitiza niufuate.

Kufunga nilifunga mwenyewe, yeye akisimamia, kwa alenki ya milimita 5, ule ufunguo wa pembe sita. Kwanza nilifuta ringi kwa spiriti mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Raba za nyuma sikuzibadilisha. Nilizikwangua kwa msasa, kisha nikatoa kwa sindano ya cherehani vipande vidogo vya alumini vilivyonasa ndani, ambavyo huila ringi kimyakimya. Raba mpya ya mbele nikaiweka ikaze ringi tu. Ikipanda juu inakata ubavu wa tairi, ikishuka inaweza kupita chini ya ringi na kuingia kwenye spoku. Ili isipige kelele, ncha ya mbele inatakiwa iguse kwanza, kwa tofauti ya kama milimita 1. Mzee hutumia kipande cha kadi. Mimi nilikunja kitambaa cha shati, nikakibana nyuma ya raba, nikakaza nati, nikakivuta. Haijalia hata mara moja.

Halafu nikajaribu. Kichochoro chetu kina lami kidogo. Niliweka alama kwa chaki ya kukatia nguo, nikamwagia ringi zote maji ya ndoo, nikaja kwa mwendo wangu wa kawaida bila mtoto. Nilipita alama hatua 7. Nikarudia mara tatu, tofauti haikuwa kubwa. Kwa zile ngumu, nilizozijaribu hivyo hivyo asubuhi yake kabla sijazifungua, zilikuwa hatua 13. Pakavu ni 4. Kwa hiyo raba laini imesaidia sana, lakini kromu imebaki kromu, na mtoto nyuma anaongeza uzito.

Mzee amenipatia ringi ya alumini ya inchi 26, matundu 36 kama spoku zangu. Nimelipa nusu. Mpaka nimalize, mvua ikinyesha nabana breki taratibu mapema ili raba zifute maji kwenye ringi kabla sijazihitaji, na tukifika kwenye msongamano wa bajaji namshusha mwanangu, tunapita kwa miguu huku nikiikokota baiskeli. Zile raba ngumu nimezikwangua uso kwa msasa, nikaziweka kwenye kopo la vifungo. Zitafungwa siku ringi mpya itakapoingia.