Sauti Ipo, Picha Hakuna

Nimerudi nyumbani Mwanga, hapa Kigoma, jioni hii nikiwa na aibu ambayo haijanitoka tangu saa nne asubuhi. Nilikuwa nimealikwa kuzungumza na wakaushaji wa dagaa juu ya kuanika kwenye vichanja badala ya mchangani, na kwa kuwa jambo la namna hiyo huaminika likionekana, nilizitegemea video mbili nilizorekodi kwa simu ufukweni Kibirizi kuliko maneno yangu yote. Jana usiku nilizijaribu kwenye kompyuta yangu, zikacheza bila shida, nikanakili wasilisho kwenye flashi, nikalala.

Ukumbini ilitumika kompyuta ya wenyeji. Video ya kwanza ilipoanza tulisikia mawimbi, tukasikia wanawake wakitaniana huku wakimwaga ndoo za dagaa, lakini ukutani palikuwa peusi. Mama mmoja wa mstari wa mbele akaniambia kwa upole, "Mwanangu, hao dagaa umewafuata gizani, karabai umesahau nyumbani?" Ukumbi mzima ukacheka, nami nikacheka nao huku jasho likinitoka. Video ya pili haikutoa hata sauti. Ulitokea ujumbe tu kwamba faili halikupatikana. Nilizima, nikawasha, nikamlaumu kimoyomoyo kijana mwenye kompyuta, na mwishowe nikachora kichanja ubaoni kwa chaki.

Usiku huu, baada ya kutulia, nimeona kwamba yale hayakuwa tatizo moja, na kwamba kijana wa watu sikumtendea haki. Ile sauti iliyosikika bila picha ilikuwa dalili ya wazi, laiti ningeisoma palepale. Faili la video ni kasha tu: ndani yake picha na sauti hufungashwa kila moja kwa kodeki yake, yaani njia ya kuibana ili ihifadhiwe na kuifungua ili ichezwe. Simu yangu ni iPhone, na simu hizo, tangu mfumo wa iOS 11 wa mwaka 2017, zenye uwezo huo hurekodi picha kwa kodeki ya HEVC ili faili lisichukue nafasi kubwa. Kompyuta ya ukumbini ilijua kufungua sauti, ambayo ni ya kodeki ya AAC, lakini kodeki ya picha haikuwa nayo, kwa hiyo ikatupatia nusu tu ya mzigo. Wala kubadilisha jina la faili kutoka mov kuwa mp4, kama nilivyojaribu pale kwa papara, kusingesaidia kitu, maana kubandika lebo mpya kwenye gunia hakubadilishi kilichomo.

Kosa la pili ni langu peke yangu. Tangu toleo la 2010, PowerPoint ya Windows huiweka video ndani ya wasilisho lenyewe, lakini mimi, nikiogopa faili kuwa zito, ile video ya pili nilichagua kuiunganisha tu. Kinachobaki kwenye slaidi hapo ni anwani ya mahali video ilipo, na video yangu ilikuwa imebaki Mwanga mezani.

Basi nimezipitisha zote mbili kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha video, nikazitoa zikiwa mp4 yenye picha ya H.264, kodeki ya zamani kuliko HEVC, na sauti ya AAC, mchanganyiko ambao matoleo ya PowerPoint kuanzia 2013 huupokea vizuri. Nimezipunguza pia ukubwa wa picha, kwa sababu projekta ile haina ubora wa kuonyesha kila nilichorekodi, kisha nikazifuta zile za zamani kwenye slaidi na kuziingiza hizi upya, zikiwa ndani safari hii. Kwenye simu nimebadilisha mpangilio wa kamera uwe ule unaokubalika na vifaa vingi.

Nimebisha hodi kwa jirani, ambaye kompyuta yake ni kuukuu kuliko ile ya ukumbini, na picha imetoka. Sauti tu ndiyo iliyotusumbua: tulipochomeka waya wa HDMI kwenye televisheni yake ilihamia huko, na televisheni ilikuwa imezimwa sauti, tukahangaika dakika kadhaa tukitazama dagaa wakimwagwa kimya.

Wenyeji wamekubali nirudi Ijumaa. Nitafika saa moja kabla, na nimesikia kwamba yule mama ameahidi kukaa mstari uleule wa mbele.