Jumatano Mchana na Kaunta Buku: Nilivyowaingiza Madaktari Tarajali Kwenye Utafiti

Watu ninaowaheshimu waliniambia utafiti ni kazi ya vyuo vikuu, huko Muhimbili na Bugando, na kwamba tarajali, yaani daktari aliyetoka chuo anayefanya kazi chini ya uangalizi, wa wodi ya watoto hapa Kigoma aachwe kwanza ajue kuweka kanula, kile kibomba cha kupitishia dawa kwenye mshipa. Leo nina tarajali wanne waliosimama mbele ya wenzao wakaeleza walichokigundua wenyewe. Kila nikikumbuka ushauri ule, hasira inanipanda upya.

Na ushauri wa pili ulikuwa mbaya zaidi: andaa semina. Nikaandaa. Jumamosi nzima, projekta ya kuazima, chai, vitumbua na soda, kama laki na nusu hivi kutoka mfukoni kwangu. Nikafundisha aina za tafiti na namna ya kukokotoa sampuli, vijana wakaandika kila neno. Nikawapa mwezi walete mada. Zikaja mbili, zote kuhusu sababu za vifo vya watoto chini ya miaka 5 nchi nzima. Mtu mwenye zamu tatu za usiku kwa wiki ataifanya lini kazi hiyo? Waliiacha, kisha wakaanza kunikwepa koridoni. Hilo liliniuma kuliko hela.

Mambo yaligeuka usiku mmoja wa masika. Mama alifika na mtoto wa miaka 3 anayedegedeka, kipimo kikaonyesha malaria. Zamu ilikuwa ya binti mmoja wa Kibondo. Alitaka kuanza artesuneti, sindano ya malaria kali, na dawa ile hutolewa kwa uzito: mtoto wa chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo. Mzani ulikuwa umefungiwa chumba cha kliniki na ufunguo umeondoka na muuguzi wa mchana. Akafanya tunavyofanya wote, akakadiria uzito kwa umri: umri, jumlisha 4, zidisha kwa 2. Kilo 14, yaani miligramu 42. Asubuhi tukampima mtoto. Kilo 10. Alistahili miligramu 30.

Kwenye raundi hakujitetea. Alisimama amekumbatia faili akauliza, "Dokta, hivi ni wangapi tunawakadiria? Huyu dawa haikumdhuru, lakini ingekuwa antibiotiki kama jentamaisini? Ingekuwa dripu kwa mtoto mwenye utapiamlo?" Nikamwambia asilale kabla hajaliandika swali hilo, kwa maneno hayo hayo. Aliliandika nyuma ya fomu ya maabara. Karatasi ile ninayo hadi leo.

Hakuhitaji mada nyingine. Swali lake lilikuwa na jibu ndani ya jengo letu: je, faili lina uzito uliopimwa, uliokadiriwa, au halina kitu? Sisi watu wa Kigoma tuna mfano jirani kabisa. Jane Goodall alifika Gombe mwaka 1960 na kazi yake kubwa ya mwanzo ilikuwa kukaa, kutazama na kuandika daftarini. Nikamnunulia binti kaunta buku.

Akatokea mwingine kutuambia kwamba mafaili ni ya hospitali yetu, kibali cha nini? Nilikataa, na ningekataa tena. Faili la mtoto lina siri za familia nzima. Tuliomba ruhusa ya uongozi na kibali cha kamati ya maadili kabla ya kufungua faili hata moja, na kwenye kaunta buku haikuingia jina, namba tu. Isitoshe, jarida lolote la maana litakuuliza namba ya kibali, na kibali hakiombwi kazi ikishafanyika. Tulisubiri miezi kadhaa. Tarajali akikata tamaa kipindi hicho usimlaumu, kaa naye. Mimi nilimpa usomaji: utafiti wa FEAST wa mwaka 2011, uliofanyika Uganda, Kenya na hapa Tanzania kwa watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu. Dripu ya haraka ambayo vitabu vingi viliisifu iliongeza vifo: karibu watoto 11 kati ya 100 ndani ya saa 48, dhidi ya 7 kwa wasiopewa. Alisoma jedwali lile mara mbili, akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe na sisi huku tunaweza kubadilisha vitabu."

Sasa chumba cha mafaili. Siku ya kwanza tulichota yaliyokuwa karibu, rafu ya chini, tukahesabu mpaka jioni na tukafurahi kwamba mengi yana uzito. Mzee anayetunza mafaili alikuwa anatutazama tu kutoka kwenye kiti chake. Tulipofunga daftari akauliza kwa upole, "Wanangu, na waliofariki hamuwahesabu?" Mafaili yao hayakuwa pale. Yalichukuliwa kwa ajili ya kikao cha kujadili vifo, yakabaki kwenye kabati la ofisi nyingine. Na waliolazwa usiku, wengi wao walikuwa rafu ya juu ambayo hatukuifikia. Kumbe tulikuwa tumehesabu watoto waliopona, waliofika mchana, mzani ukiwa wazi! Semina yangu ya laki na nusu haikufundisha jambo hilo vizuri kama swali moja la mzee yule. Tulifuta yote. Tukaanza upya na rejista ya MTUHA ya wodi, daftari la serikali la kuandikisha wagonjwa, tukachukua kila mtoto wa tano kwa mpangilio wa kulazwa, kisha tukamtafuta popote faili lake lilipo. Mzee alitafuta pamoja nasi, na jina lake limo kwenye shukrani za ripoti, kwa haki yake.

Muda? Hapa ndipo wasimamizi wengi wanapowaangusha vijana. Wanasema "fanya ukipata nafasi", na nafasi haipatikani. Mimi nilichukua zamu yake kila Jumatano, saa 8 mchana hadi saa 11 jioni. Nilipokea wagonjwa, niliweka kanula, nilijibu simu za maabara, na yeye hakuitwa wodini hata mara moja.

Usiku, zaidi ya nusu ya watoto hawakuwa wamepimwa. Aliwasilisha kwenye kikao cha asubuhi, dakika kumi, na kabla ya saa sita mchana mzani ulikuwa umehamishiwa pembeni ya kitanda cha dharura, bila kufuli. Baada ya miezi mitatu alihesabu tena kwa njia ile ile, na faili lisilo na uzito likawa la kutafuta.

Wakati wa kuandika nikashauriwa jina langu litangulie, eti ndiyo heshima ya bosi. Jina la kwanza ni lake. Swali lilikuwa lake.

Sasa anasomea ubingwa wa watoto. Wiki iliyopita tarajali mpya amenisimamisha mlangoni: kwa nini mtoto anayedegedeka hapimwi sukari mpaka daktari afike? Kaunta buku yake iko mezani kwangu, na barua ya kuomba ruhusa tunaiandika Jumatano.