Acha kuliminya embe, lipime kwa maji

Kidole gumba ndicho kipimo cha sokoni, na ndicho kinachoharibu. Embe lililominywa halionyeshi kitu siku hiyo. Baadaye nyama iliyo chini ya ganda hulegea na kuwa nyeusi. Tena kidole hakijibu swali lenyewe: embe hili gumu, la kijani, limekomaa au limechumwa changa? Changa ukilivundika litageuka rangi, lakini utamu hauji na ganda hunywea.

Embe likikomaa mtini hujaa wanga, likawa zito kuliko maji ya ujazo uleule. Basi lililokomaa huzama ndooni, changa huelea. Ukitaka mchujo mkali zaidi, koroga gramu 200 za chumvi katika lita 10 za maji. Litakalozama humo, chukua bila wasiwasi.

Anayetaka namba, aweke bakuli la maji juu ya mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja, airudishe sifuri, kisha ateremshe embe kwa uzi uliofungwa kwenye kikonyo. Lizame lote, lining'inie, lisiguse ukingo wala chini. Gramu zinazosomeka ni mililita za ujazo wake. Embe la gramu 412 likisoma 405, gawanya: 1.017, limekomaa. Likisoma 415 ni 0.993, na hilo utalazimika kulikandamiza kwa ncha ya waya, maana litaelea.

Kidole kikiingia majini, namba inaongezeka. Mapovu kwenye kikonyo hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo yapanguse kwanza. Lenye funza au uwazi ndani huelea hata likiwa limekomaa, na lililokwisha kuiva hutoa jibu pungufu ukigawanya, kwa hiyo pima mabichi tu, siku ya kuchuma. La muhimu kuliko yote: usitumbukize embe lenye joto la jua katika maji baridi. Hewa iliyo ndani hujikunyata na kuvuta maji kupitia kikonyo, pamoja na vijidudu vya kuoza. Lipoe kivulini kwanza, maji yawe safi, kisha lifute likauke.

Vipo vifaa vya mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, vinavyosoma kupitia ganda kiasi cha nyama kisicho maji, ila ni ghali na lazima virekebishwe kwa kila aina ya embe.

Embe likishachumwa, kubaki kwake bila kunyauka ni suala la maji yanayopotea. Andika namba kwenye maembe matano, uyapime kila asubuhi. Gramu 412 zikishuka hadi 392, karibu 5% imekwenda na mikunjo i karibu kuonekana, uza leo.