Kuingia chemba si kufaa: soma mtutu, soma kitako, kisha pima

Risasi isiyo ya bunduki yako inaweza kuteleza ndani ya chemba vizuri kabisa, bolti (kipande kinachoziba nyuma ya chemba) ikafunga, na chuma kisikupe onyo lolote. Watu wamezoea kufuli: ufunguo usio wake hugoma. Chemba haina tabia hiyo. Kinachokaguliwa na chemba ni umbo la nje tu, tena kwa ulegevu. Presha, unene wa kichwa na urefu wa koo la mtutu ni juu yako kuvikagua.

Tuelewane maneno kwanza. Risasi hapa ni kitu kizima: ganda, fataki kwenye kitako, baruti ndani, na kichwa kinachoruka. Chemba ni sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa hiyo risasi. Koo ni kile kipande kifupi mbele ya chemba, kabla kichwa hakijaumana na mifereji ya msokoto, ile iliyochongwa ndani ya mtutu ili kukizungusha kichwa.

Anza na maandishi yaliyogongwa kwenye mtutu. Si yaliyo kwenye boksi ulilopewa pamoja na bunduki, wala aliyosema mwenye bunduki wa kwanza. Kisha geuza risasi usome kitako. Za kiraia kwa kawaida huandikwa kaliba yake, yaani jina la kipimo chake, waziwazi. Za kijeshi nyingi hazina: utakuta namba ya kiwanda na mwaka, basi. Zilizotengenezwa kwa viwango vya NATO hubeba alama ya msalaba ndani ya duara, lakini alama hiyo haikuambii kaliba. Ukiwa na risasi isiyojitaja, chukua kalipa ya venia (chombo cha kupimia vipimo vidogo) upime vitu vinne: kipenyo cha kichwa, kipenyo cha mdomo wa ganda, urefu wa ganda, na kipenyo cha ukingo wa kitako. Kimoja kikikataa, iweke kando. Usibahatishe.

Majina yenyewe yanadanganya sana, na hapa ni vizuri kusimama kidogo. .38 Special haina kichwa cha inchi .38, ni .357, sawasawa na .357 Magnum. .44 Magnum kwa kweli ni .429. "Milimita tisa" ni jina la ukoo mzima: 9x19 ya Parabellum, 9x18 ya Makarov, na 9x17 inayoitwa pia .380. Namba ya pili ni urefu wa ganda kwa milimita. Kichwa cha Makarov ni kama milimita 9.27, cha Parabellum ni kama 9.02. Robo ya milimita ni ndogo machoni, kubwa ndani ya mtutu. Hali ni hiyo hiyo kwa 7.62: kuna 7.62x39, 7.62x51 na 7.62x54R yenye ukingo, na hakuna hata moja inayokaa mahali pa mwenzake. Mtu akikwambia "nina risasi za saba sitini na mbili", hajakwambia kitu bado.

Sasa jozi zinazosumbua.

.357 Magnum na .38 Special zinapatana kwa njia moja tu. Bunduki au bastola ya .357 hupiga .38 bila shida. Kinyume chake hakikubaliki: kikomo cha presha cha .357 ni 35,000 psi (pauni kwa inchi ya mraba), cha .38 ya kawaida ni 17,000. Ganda la .357 lilirefushwa kama milimita 3 makusudi ili lisiingie kwenye silinda ya .38, yaani kile kigurudumu cha bastola chenye matundu ya risasi. Ukikuta bastola ya zamani ya .38 inayopokea .357 hadi mwisho, usishangilie. Huenda kuna mtu aliichimba silinda, na chuma hakikuongezewa nguvu alipochimba. Upande unaoruhusiwa una kero yake ndogo. Ukipiga .38 nyingi ndani ya .357, masizi hujenga pete mbele ya pale ganda fupi linapoishia. Siku ukirudisha .357, ganda refu hubana kwenye pete hiyo, likaingia kwa kusukumwa na kutoka kwa kugongwa. Dawa ni brashi ya shaba iliyolowekwa dawa ya kusafishia, zungusha kila tundu la silinda mpaka pete iishe, ukague kwa tochi.

.223 Remington na 5.56x45 kwa nje ni kama mapacha. Tofauti iko kooni. Chemba ya 5.56 ina koo refu zaidi, ya .223 ni fupi. Ukitia 5.56 kwenye chemba ya .223, kichwa kinaweza kuwa kimeshagusa mifereji kabla hakijaanza safari, na presha hupanda kuliko ilivyokusudiwa. Dalili utaziona kwenye maganda: fataki zilizobapa au kutoboka, bolti nzito kufungua, kitako chenye mkwaruzo wa kung'aa. .223 ndani ya 5.56 ni salama. Chemba iliyoandikwa .223 Wylde ilichongwa kupokea zote mbili.

.300 Blackout ndiyo inayonitia hofu kuliko zote. Ganda lake limetokana na la .223, kwa hiyo hutumia bolti ile ile na magazini ile ile. Kichwa chake ni inchi .308, mtutu wa .223 ni .224. Mara nyingi haifungi, lakini yenye kichwa chepesi au kisichobanwa vizuri inaweza kusukumwa nyuma ndani ya ganda bolti inapopiga kwa nguvu, na bunduki ikafunga. Ukifyatua hapo, kichwa kinene kinataka kupita tundu jembamba na gesi inarudi usoni kwako. Mwenye bunduki mbili za aina hizi awe na magazini za rangi tofauti, na asiziweke mezani pamoja.

.308 Winchester na 7.62x51 zina ugomvi mpole zaidi. Kwenye bunduki mpya nyingi hutaona tofauti. Kwenye ya kijeshi iliyochakaa, chemba inaweza kuwa ndefu. Urefu wa chemba hupimwa kwa geji, vipande vya chuma vya GO (kikomo cha chini), NO-GO na FIELD (kikomo cha mwisho cha uchakavu). Geji ya GO ya .308 ni inchi 1.630, ilhali kikomo cha FIELD cha 7.62x51 hufika 1.6455. Ganda la kiraia, ambalo mara nyingi lina kuta nyembamba, hujinyoosha kujaza nafasi hiyo na linaweza kukatika karibu na kitako. Kabla halijakatika hutoa taarifa: pete inayong'aa kuzunguka ganda, juu kidogo ya kitako. Nyoosha kibanio cha karatasi, kunja ncha yake kama ndoano ndogo, kitumbukize ndani ya ganda lililopigwa ukikwaruze ukutani kutoka chini kuja juu. Ncha ikidumbukia kwenye mfereji, ganda lile lilikuwa limebakiza kidogo. Kupima chemba kwa geji, toa pini ya kugonga fataki na kivuta ganda kwenye bolti, kisha funga kwa vidole viwili bila kulazimisha. GO lazima ifunge, NO-GO isifunge.

Kwenye shotgani mambo ni mengine: geji hapa ni ukubwa wa tundu la mtutu, na namba hukua kinyume. Geji 12 ina tundu la milimita 18.5, geji 20 ni 15.6. Risasi ya geji 20 ikitiwa kwenye geji 12 hupita chemba na kunasa mbele yake, kwa kuwa ukingo wake ni mwembamba kuliko chemba lakini mnene kuliko tundu la mtutu. Mpigaji anafyatua, kimya. Anafungua, anaona chemba tupu kwa haraka haraka, anatia ya geji 12 nyuma yake. Hiyo ya pili ikiwaka, mtutu hupasuka pale mkono wa mbele unaposhika. Ndiyo maana risasi za geji 20 hutengenezwa kwa plastiki ya manjano na viwanda vingi. Usichanganye mfukoni, hata moja. Na usifunge shotgani kabla hujatazama mwanga ukipita mtutu mzima.

Kosa la pili la shotgani ni la urefu, na linawanasa hata wazoefu. Urefu unaoandikwa kwenye boksi ni wa ganda lililokwisha kupigwa na mdomo wake kufunguka. Ya milimita 76 ikiwa mpya imekunjwa mdomo, ina urefu wa kama 65 tu. Kwa hiyo inaingia chemba ya 70 bila kusita. Inapowaka, mdomo unafunguka na kuingia kooni, njia ya marisau (vile vitufe vidogo vinavyoruka) inabanwa, presha inapanda. Bunduki inaweza kuvumilia mara kumi na kuachia ya kumi na moja. Chemba ya 76 hupokea ya 70. Chemba ya 65, ambayo ni ya kawaida kwenye shotgani nyingi kongwe za Uingereza, haipokei ya 70. Kama mtutu haukuandikwa urefu, mpe fundi wa bunduki aupime.

Marisau ya chuma yana sharti lake: hayabonyei kama yale ya madini laini ya risasi. Mtutu mkongwe wenye kuta nyembamba, au wenye mdomo uliobanwa sana, huota uvimbe wa pete karibu na ncha. Upitishe vidole kwa nje na uutazame ukiwa umeuelekeza dirishani. Kivuli cha duara ndani ni uvimbe.

Kwa wenye gobore: baruti nyeusi na baruti isiyo na moshi hazibadilishani, hata kijiko kimoja. Gobore hupimwa kwa ujazo, na ujazo ule ule wa baruti isiyo na moshi una nguvu inayovunja mtutu. Kosa jingine la gobore ni kushindilia mara mbili. Chora alama mbili kwenye mti wa kushindilia: moja mtutu ukiwa mtupu, nyingine ukiwa umeshindiliwa sawasawa. Alama ya pili ikibaki juu ya mdomo, kuna kitu cha ziada ndani.

Tukija kwenye ufundi wa nyumbani, mipaka iwe wazi. Kusafisha, kupaka mafuta, kubadili springi ya magazini au ya kurudisha bolti kwa springi ya kiwanda hicho hicho, kubadili kitako cha mbao: hivyo ni vyako. Kupiga tupa kifyatulio na meno ya mtambo, kuchimba chemba, au kutia kipande cha bati ili risasi fupi "ikae": hivyo si vyako. Meno ya mtambo mara nyingi hukazwa ugumu kwenye ngozi ya juu tu. Tupa ikiimaliza ngozi hiyo, chuma laini kilicho chini huchakaa kwa mapigo machache, na bunduki hujifyatua ikigongwa kitako.

Bisibisi zichaguliwe kwa kila skrubu. Ncha ijae mfereji wote, kwa upana na kina, la sivyo utauchuna. Safisha ukianzia upande wa chemba inapowezekana, kwa fimbo iliyofunikwa au ya shaba, maana mdomo wa mtutu ukilika, risasi hutawanyika. Risasi kongwe za kijeshi mara nyingi zina fataki zinazoacha chumvi. Mafuta hayayeyushi chumvi. Maji ya moto ndiyo yanayoyeyusha. Mimina ndani ya mtutu na kwenye njia ya gesi siku hiyo hiyo, kausha kabisa, ndipo upake mafuta. Ukiacha hadi kesho katika hewa yenye unyevu utakuta kutu.

Bunduki za SKS, za kijeshi zenye asili ya Kisovieti, zina jambo lake. Nyingi zina pini ya kugonga inayocheza huru ndani ya bolti, bila springi. Grisi ya ghala ikigandia humo, pini hubaki imechomoza, na kila bolti inapofunga fataki hugongwa bila kidole kugusa kifyatulio. Toa pini, osha njia yake kwa kiyeyushi, ikaushe, usipake mafuta. Rudisha, kisha tikisa bolti karibu na sikio. Lazima usikie pini ikicheza tik-tik kwa uhuru. Ikinyamaza, rudia kuosha.

Baada ya kazi yoyote iliyogusa mtambo, ukiwa umehakikisha hakuna risasi katika chumba kizima, koki bunduki, weka kizuizi, vuta kifyatulio, achia, kisha toa kizuizi. Nyundo isianguke. Igonge kitako kwa nyundo ya mpira, isianguke pia. Uwanjani tia risasi moja kwanza, baadaye mbili, kwa sababu kama mtambo una hitilafu ya kupiga mfululizo, unataka iishie kwenye mbili.

Na ukisikia mlio dhaifu kama wa kizibo, usivute tena. Elekeza mtutu mahali salama uhesabu sekunde 30, kwani huenda baruti imechelewa. Toa risasi zote, fungua, pitisha fimbo. Kichwa kilichokwama kisukumwe kwa fimbo ya shaba na nyundo, taratibu, kwa tone la mafuta. Usijaribu kukitoa kwa kupiga risasi nyingine nyuma yake. Kikitoka, kagua mtutu kwa kivuli cha pete kama ulivyofanya kwenye shotgani, na zile risasi zilizobaki katika boksi hilo usizitumie.