Siku moja na upepo wa Kariakoo

Saa 12 asubuhi. Umande, ule upepo wa bara, bado unasukuma hewa kuelekea baharini. Baadaye mchana upepo wa bahari utaushinda. Ndiyo maana situmii wastani wa siku nzima: pepo mbili za pande tofauti hufutana kwenye hesabu. Naiga kwenye kompyuta jinsi upepo unavyopita kati ya majengo ya Kariakoo, Dar es Salaam, na kuingia vyumbani. Naiga saa moja tu, saa 10 jioni ya Februari, msimu wa kaskazi, vyumba vikiwa vimeshiba joto.

Saa 2. Tuseme kipimo cha uwanja wa ndege ni mita 3 kwa sekunde, kimo cha mita 10, pahali wazi. Kwa kanuni ya logi, inayokadiria upepo unavyoongezeka kadiri unavyopanda juu, na ukwazo wa ardhi (kipimo cha ardhi inavyoupunguza upepo) ukiwa mita 0.03, mita 60 juu tunapata karibu 3.9. Tahadhari: watu wa hali ya hewa hutaja upepo unakotoka, programu ya kuigia inataka unakokwenda. Usipogeuza, kaskazi inakuwa kusi, na picha itapendeza vilevile.

Saa 3. Modeli: jengo la ghorofa 10, mita 32, mtaa wa mita 12. Sanduku la hewa, yaani eneo lote linaloigwa, liache mara 5 ya kimo mbele, pembeni na juu (mita 160), na mara 15 nyuma (mita 480). Majirani wote wawemo. Jengo likiigwa peke yake linapewa upepo ambao Kariakoo haliupati kamwe, na hilo ndilo kosa ninalolikuta zaidi. Hewa hugawanywa katika vijisanduku vidogo, seli; kila upande wa jengo upate seli 10 au zaidi. Kutoka chini hadi usawa wa kichwa, seli 3 au 4.

Kabla ya majengo naendesha sanduku tupu. Upepo utoke na umbo lilelile ulioingia nalo. Ukibadilika njiani, ukwazo wa ardhi haulingani na ule uliotumika pale upepo unapoingia sandukuni, na kila kitakachofuata kimeharibika.

Saa 6. OpenFOAM, programu ya kuigia mtiririko wa hewa, inakokotoa, ikihifadhi kila hatua 200 kwa sababu umeme hukatika. Masalio, yaani kosa linalobaki katika milinganyo kila hatua, kushuka hakutoshi. Naweka vituo vya kupimia mtaani na madirishani, nangoja kasi itulie.

Saa 9. Kimo cha jengo kugawanya kwa upana wa mtaa ni karibu 2.7. Uwiano ukivuka takriban 0.7, upepo mkuu huteleza juu ya mapaa na mtaani hewa hubaki ikijizungusha. Chukua chumba cha mita za ujazo 40, madirisha mawili yanayotazamana, kila moja mita 1 ya mraba wazi, upepo wa mita 3 kwa sekunde. Tofauti ya vigawo vya shinikizo (namba zinazoonyesha upepo unavyosukuma au kuvuta kila dirisha) ikiwa 0.5, hewa hubadilika kama mara 80 kwa saa. Mtaa ukiishusha hadi 0.05, zinabaki kama mara 25. Na hapo sijaweka wavu wa mbu wala pazia.

Saa 10. Uhakiki kwa moshi wa udi, katika chumba halisi. Mlango wa korido ukifungwa, moshi huingia dirishani kama sentimita 20, huzubaa, hurudi ulikotoka. Mlango ukifunguliwa hunyooka kama uzi. Lakini nani hulala mlango wazi? Kwenye mchoro naongeza kidirisha cha luva (vibao vya mshazari vinavyopitisha hewa) juu ya mlango, na upande wa pili wa korido matofali ya matundu, kwani bila pa kutokea hewa haiingii.

Kesho modeli hiihii, kwa kusi.