Kalamu ya Nesi

Mwanangu kaniuliza kovu la bega la kulia nimelipatia wapi. Nikamwambia ni BCG, chanjo ya kifua kikuu, hata yeye analo. Akaridhika, akarudi kwenye mpira. Mimi nikabaki nautazama mkono wa kushoto, kwa ndani, pasipo na kovu lolote.

Ulikuwa mwaka ule Mjomba alipoletwa Ujiji akikohoa damu. Makohozi yakapimwa, TB. Akaanzishiwa dawa, na watoto wote tuliolala naye nyumba moja tukapelekwa hospitali. Mdogo wetu, aliyekuwa hajafika miaka 5, akaandikiwa isoniazidi, vidonge vya kumkinga na TB, za miezi 6. Sisi wakubwa tukachomwa sindano ya kipimo, kikainuka kijipele cheupe, tukaambiwa tusikune.

Tuliporudi, Mama Mkubwa alishatoa hukumu kwenye foleni: asiyevimba ndiye mzima. Kaka mkono wake ulikuwa laini kama haujaguswa. Wangu ulikuwa na donge.

"Shikamoo Sista."

"Marahaba. Nyoosha mkono, usikaze."

Hakuangalia wekundu, ambao kwenye ngozi yangu ulikuwa wa kutafuta. Alipapasa kwa kidole, kisha akachukua kalamu ya wino wa bluu, akaivuta taratibu kutoka pembeni kuelekea kwenye donge. Ilipogota, akaiinua. Akaanza tena upande wa pili mpaka ikagota. Akalaza rula katikati ya mistari miwili: milimita 12. Mama Mkubwa akashika kichwa.

Picha ya kifua ikatoka safi, tukarudi nyumbani.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa kilichovimba. Ndani ya sindano hamkuwa na mdudu, mlikuwa na protini zake tu. Daktari Mjerumani, Robert Koch, aliitangaza dawa hiyo mwaka 1890 akitumaini itaponya kifua kikuu. Haikuponya, ikaishia kuwa kipimo. Seli T, askari wa kinga ya mwili, zilizowahi kukutana na protini hizo huzitambua, zikapiga yowe kwa kumwaga intaferoni gama, kemikali ya kuita wenzao, na makrofeji na seli nyingine nyeupe zikakimbilia pale. Kukusanyika huko huchukua saa 48 hadi 72, ndiyo maana hatukusomwa siku ileile.

Kwa hiyo donge lilisema mwili wangu unakumbuka. Unamkumbuka nani, halikusema: protini nyingi za kipimo kile zimo hata kwenye BCG. Huenda ilikuwa chanjo, huenda ilikuwa Mjomba. Na sheria ya Mama Mkubwa ilikuwa na tobo, maana mwili uliodhoofu sana unaweza usivimbe kabisa huku wadudu wamejaa.

Siku hizi kuna kipimo cha damu kinachotumia ESAT-6 na CFP-10, protini ambazo BCG haina. Nimekisoma sana, kwenda kupima ndiyo bado. Mama Mkubwa yeye hana haja nacho. Akinisikia nakohoa kwenye simu, hata salamu haimalizi: "Na ule mkono?"